Deki ya DVD ya bei ghali: sikio hufaidi kuliko jicho

Anayefikiria leo kununua deki ya DVD ya hali ya juu, yaani zile nzito za Denon, Marantz, Pioneer au Arcam ambazo zamani zilikuwa za wenye nazo na sasa hupatikana kwenye mitumba, hana budi kutenganisha mambo mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya: picha na sauti. Diski yenyewe ina mipaka isiyovukwa na deki yoyote. Picha ya mfumo wa PAL, unaotumika kwetu Afrika Mashariki, ina nukta 720 kwa 576, na ile ya NTSC ya Marekani na Japani ina 720 kwa 480. Fedha haziongezi hata nukta moja, bali hununua namna deki inavyozishughulikia zile zilizopo.

Katika hilo deki ghali zilistahili sifa. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na ili iingie kwenye NTSC fremu hizo hugawanywa katika nusu-picha za mistari inayopishana na kurudiwarudiwa kwa mpangilio wa tatu kwa mbili. Deki hafifu iliziunganisha vibaya, hata kamera ilipopita taratibu mbele ya jengo kingo za paa ziligeuka meno ya msumeno, ilhali deki nzuri iliutambua mpangilio na kuirudisha fremu ikiwa nzima. Hata hivyo, sifa hiyo ina uzito mdogo kwetu kuliko ilivyokuwa Marekani, kwa sababu kwenye diski ya PAL filamu huharakishwa tu kwa takriban asilimia 4 hadi fremu 25, mwendo ukabaki laini na sauti za waigizaji zikapanda kidogo.

Kasoro iliyoniudhi zaidi ni ya rangi. Mwaka 2001 jarida la mtandaoni la Secrets of Home Theater and High Fidelity liliieleza kwa kina. DVD huhifadhi sampuli moja tu ya rangi kwa kila nukta nne za mwanga, na ni kazi ya deki kuitandaza upya. Chipu nyingi zilitumia kanuni ya picha ya mistari inayopishana hata pale fremu ilipokuwa nzima, na matokeo yake yakawa michirizi ya mlalo pembezoni mwa kila kitu chekundu: bodi la gari, bendera, midomo iliyopakwa rangi. Deki ghali haikupona, kwa kuwa chipu yake ya kusimbua, yaani ya kuifasiri data ya diski, mara nyingi ilikuwa ya ukoo uleule wa ile iliyofungwa kwenye deki za bei ya chini, na kadiri sehemu nyingine ya picha ilivyotakata, ndivyo michirizi ilivyojitokeza. Isitoshe, televisheni bapa za sasa huunganisha mistari na kupanua picha zenyewe, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iliyolipiwa kwa maelfu ya dola imehamia upande wa pili wa waya.

Kwa upande wa sauti, swali la kwanza ni waya gani unaotumika. Dolby Digital ya DVD, ambayo haizidi kilobiti 448 kwa sekunde, ikipita kwenye waya wa dijitali hadi kwenye amplifaya, amplifaya ndiyo inayoisimbua, na deki ghali haina la kujivunia. Tofauti huanza kwenye matundu ya analogi, ambako waundaji makini waliweka vigeuzi bora vya kuibadili sauti ya dijitali kuwa analogi na transfoma ya peke yake kwa ajili ya sauti. Hapo hata CD ya kawaida ya taarab hubadilika: ganuni hujitenga na fidla, na pumzi ya mwimbaji husikika kabla ya neno. SACD na DVD-Audio, yaani diski za muziki za ubora uliozidi CD, zilikuwa na usumbufu wake, kwani wenye haki, kwa hofu ya kunakiliwa, hawakuruhusu sauti kamili itoke kwenye waya wa kawaida wa dijitali. Kwa kawaida zilihitajika nyaya sita za analogi, na SACD ilipata njia yake ndani ya HDMI, waya mmoja wa kidijitali wa picha na sauti, kwenye toleo la 1.2 la mwaka 2005 tu.

Bei peke yake nayo si ushahidi. Mwaka 2010 jarida la Audioholics lilifungua deki ya Blu-ray ya Lexicon BD-30, iliyouzwa dola 3,500, likakuta ndani yake Oppo BDP-83 ya takriban dola 500, imetumbukizwa nzima pamoja na kiunzi chake.

Mnunuzi wa mtumba wa Japani aongeze hesabu nyingine. Deki ya huko hutumia volti 100, imefungiwa diski za kanda ya mauzo namba 2 wakati sisi tumo kwenye namba 5, na nyingi hazichezi PAL kabisa. Yangu niliipata Ulaya, nikaepuka tatizo la volti na la PAL, ingawa kanda ya huko nayo ni namba 2, lakini ilitengenezwa kabla diski za kuchomwa, zile tupu zinazorekodiwa kwa kompyuta, hazijaenea. Nikiiwekea DVD ya harusi ya dada yangu, huizungusha, husita, huizungusha tena, kisha huandika kwamba haina kitu ndani, ilhali deki ya plastiki ya Kichina, nyepesi kama sahani, huicheza kuanzia nikahi hadi keki bila kukwama. Kwa sasa hiyo ya plastiki ndiyo iliyounganishwa na televisheni. Ile nzito ina nyaya mbili tu, za kushoto na kulia, zinazokwenda kwenye amplifaya.