Kuitoa upya Quake II: gemu kongwe inaokolewa au inabadilishwa?

Agosti 2023 kampuni ya id Software, ikishirikiana na Nightdive Studios, iliitoa upya Quake II, gemu ya kufyatua risasi kwenye sayari ya maadui waitwao Strogg, ambayo ilitoka mara ya kwanza Desemba 1997. Aliyekuwa tayari ameinunua kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, hakudaiwa chochote. Alikuta gemu ya awali, nyongeza zake mbili za mwaka 1998, toleo lililokuwa limetengenezwa kwa ajili ya Nintendo 64, na hatua mpya zilizobuniwa na studio ya MachineGames. Tangu hapo gemu kongwe za hadithi za kisayansi zimekuwa zikirudi moja baada ya nyingine. Dark Forces ya 1995 ilirudi Februari 2024, Doom ikafuata Agosti ya mwaka huo huo, na System Shock 2 ikaja 2025.

Mashabiki wamegawanyika. Kuna wanaosema kwamba bila matoleo haya gemu hizo zingekufa. Wengine wanasema matoleo haya ndiyo yanayoziua, maana kinachorudi sokoni si kile walichokipenda. Naona kila upande una hoja za kweli, ila wote wanaitazama siku ile gemu inaporudi tu, hawaulizi itakuwaje miaka ishirini baadaye. Toleo jipya nalo litazeeka.

Tuanze na sababu za kurudisha, kwa kuwa nyingi hazionekani. Gemu ni maagizo yaliyoandikwa kwa mashine fulani, na mashine hiyo ikiondoka maagizo hayana wa kuyasikiliza. Gemu nyingi za miaka ya tisini zilikuja na programu ya kusakinisha ya biti 16, ambayo Windows ya biti 64 haiiendeshi kabisa, hata kama gemu yenyewe ingeweza kufanya kazi. Nyingine zilitegemea Glide, mfumo wa kadi za michoro za 3dfx. Mali za kampuni hiyo zilichukuliwa na Nvidia, kadi zake zikatoweka, na Glide ikabaki yatima. Zipo zilizofungwa kwa SafeDisc, ulinzi wa kuzuia kunakili diski, ambao Windows 10 haikuukubali tena kwa sababu za usalama. Mtu ana diski halali mkononi na gemu inakataa kufunguka! Hata muziki unaweza kupotea. Ule wa Quake ya kwanza, kazi ya Trent Reznor na Nine Inch Nails, ulikaa kwenye diski kama nyimbo za kawaida za CD. Gemu ilipoanza kuuzwa kwa kupakuliwa, muziki haukufuata, na wanunuzi wa Steam waliicheza miaka mingi bila muziki mpaka toleo la 2021 lilipourudisha.

Hakimiliki ni kizuizi kigumu zaidi ya hivyo vyote. Looking Glass Studios, walioshirikiana na Irrational Games kutengeneza System Shock 2 ya mwaka 1999, walifunga kazi mwaka 2000, na haki za gemu zikaishia mikononi mwa kampuni ya bima. Kwa zaidi ya miaka kumi haikuwa ikiuzwa, na aliyeitaka kihalali alitafuta diski iliyokwisha kutumika. Ilirudi Februari 2013, baada ya Stephen Kick, mtu aliyetaka tu kuicheza tena akiwa safarini, kuiandikia kampuni ile na kuomba leseni. Nightdive ilizaliwa kutokana na barua hiyo. Nasisitiza kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi wokovu wenyewe ulivyokuwa wa bahati. Gemu ambayo watengenezaji wengi hadi leo wanaitaja kama mwalimu wao ilikuwa ikisubiri mtu mmoja mwenye subira ya kuandika barua.

Na nyingi hazikupata mtu huyo. Utafiti uliotolewa na Video Game History Foundation mwaka 2023 ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la maktaba kuruhusiwa kuwafungulia watafiti gemu hizo kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo anayesema gemu kongwe ziachwe zilivyo ajue kwamba nyingi zikiachwa zilivyo hazitafikiwa na mtu, labda kwa wizi.

Hata hivyo wanaolalamika hawalalamiki ovyo. Katika Quake II, mchezaji anayekimbia mbele huku akijisogeza kando, akaruka, akageuza kipanya kwa pembe sahihi, anazidi kasi ambayo gemu ilikusudia kumpa. Chanzo ni hesabu tu. Injini, yaani programu inayoendesha gemu, inakagua kasi ya mchezaji kwa upande anaotaka kuelekea, si mwendo wake wote, hivyo pembe ndogo kati ya anakokwenda na anakotaka kwenda inaacha mwanya wa kuongezewa mwendo kila anaporuka. Lilikuwa kosa, na wachezaji wakaligeuza ufundi. Walivuka mapengo ambayo hayakupangwa kuvukwa, wakafupisha hatua nzima kwa mruko mmoja, na mashindano yakajengwa juu ya ustadi huo. John Carmack, aliyeandika injini hizo, alijaribu kulifuta kosa hilo wakati Quake III inatengenezwa. Aliona kwamba hata kukimbia kwa kawaida kunaharibika, akaliacha lilivyo. Katika Quake III yenyewe kuna jambo la ajabu zaidi: namba za mwendo hukadiriwa kuwa namba nzima katika kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, kwa hiyo aliyeweka fremu 125 kwa sekunde aliruka juu kuliko aliyeweka 60.

Sasa mpe mhandisi wa leo kazi ya kuileta gemu ya namna hiyo kwenye skrini ya herzi 240, inayobadilisha picha mara 240 kwa sekunde. Akilisahihisha kosa, ameua kitu ambacho watu walikipenda kwa miaka ishirini na zaidi. Akiliacha, gemu itabadilika tabia kwa kila kompyuta. Inambidi aliige kosa kwa makusudi, yaani aandike programu mpya inayokosea vilevile, kwa kipimo kilekile, kwenye mashine isiyofanana kabisa na ile ya kwanza. Kazi hiyo haionekani kwenye picha za matangazo. Mimi ndiyo ninayoiangalia kwanza.

Picha nazo zina mitego yake. Doom ilichorwa kwa pikseli 320 kwa 200 na kuonyeshwa kwenye skrini za uwiano wa 4:3, ambako kila pikseli ilisimama ndefu kuliko upana wake. Toleo linalosahau jambo hilo dogo linawafanya mapepo wote kuwa wafupi na wanene. Vilevile kuna kulainisha michoro. Kompyuta ya leo inaweza kufuta ncha zote za pikseli, na nyuso zilizochorwa kwa uangalifu kwa rangi 256 zinageuka ukungu. Msanii aliyezichora alijua zitaonekana zikiwa na ncha, akazitumia. Kuzilainisha si kuboresha, ni kupaka rangi juu ya kazi ya mtu.

Quake II ya 2023 iligusa hata namna ya kupigana. Maadui wana akili zaidi. Berserker, adui wa karibu ambaye zamani ungeweza kumshinda kwa kurudi nyuma huku ukifyatua, sasa anakurukia kutoka mbali. Kuna pia dira inayomwonyesha mchezaji njia ya kwenda. Dira naikubali bila shida: Quake II inakurudisha mara kwa mara kwenye maeneo uliyokwisha kupita, na si kila mtu ana jioni nzima ya kutafuta mlango mmoja. Asiyeitaka haitumii. Mruko wa Berserker ni jambo zito zaidi, maana unabadilisha namna kila chumba chenye adui huyo kinavyopiganwa. Wanaoutetea wanasema wabunifu wa awali waliukusudia, ukaachwa kabla ya gemu kutoka. Inawezekana. Lakini gemu iliyotoka 1997 haikuwa nao, na mtu anayeanza leo hana namna ya kujua hilo kwa kucheza tu.

Kinachonituliza ni kwamba gemu ya 1997 haikuondolewa. Mafaili yake yanakuja pamoja na toleo jipya, na anayetaka kulinganisha analinganisha. Valve, watengenezaji wa Half-Life, nao walifanya vivyo hivyo Novemba 2023 walipoifanyia gemu hiyo masahihisho ya kutimiza miaka 25: walibadilisha mengi, wakaliacha pia toleo la awali kwa atakayelihitaji. Hapo ubishi mwingi unaisha wenyewe. Mruko wa Berserker ukiwa uamuzi ninaoweza kuukataa, sina ugomvi nao.

Shida huja toleo jipya linapokalia kiti cha la zamani. Juni 2022 Nightdive hao hao walitoa Blade Runner ya 1997 ikiwa "imeboreshwa". Si gemu ya kufyatua hasa, ila ni ya ukoo huo huo wa hadithi za kisayansi, na msimbo wake chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulikuwa umepotea. Video zililainishwa hadi maelezo ya nyuso na majengo yakafifia, na toleo la awali, ambalo mashabiki walikuwa wamelifanya liendeshwe vizuri kupitia ScummVM, programu ya kuchezea gemu za zamani kwenye kompyuta mpya, likaondolewa kwenye mauzo ya peke yake. Watu walikasirika, na kwa haki kabisa. Toleo la awali likarudishwa. Miaka mitatu kabla yake, Doom ilipotolewa upya, wanunuzi walitakiwa kuingia kwa akaunti ya Bethesda, wachapishaji wake, ili wacheze peke yao gemu ya mwaka 1993. Sharti hilo nalo liliondolewa baada ya kelele. Unaona utaratibu: haki ya kubaki na gemu yako ilivyokuwa inategemea nani atapiga kelele, na kwa muda gani.

Na hapa ndipo ninapoachana na pande zote mbili. Swali la nani aliiokoa Quake II lina jibu la zamani kuliko 2023. Desemba 2001 id Software iliutoa hadharani msimbo wa injini ya gemu hiyo, kwa leseni inayomruhusu yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Tangu siku hiyo Quake II haijawahi kukosa kompyuta ya kuichezea. Watu wa kujitolea waliifikisha kwenye mifumo ambayo waandishi wake hawakuiota, wakaisahihishia skrini pana, wakazilinda hata tabia zake mbaya. Doom iliitangulia, msimbo wake ulitolewa Desemba 1997. System Shock 2 haikupata bahati hiyo ya kihalali, lakini mwaka 2012 mtu asiyejulikana, aliyejiita Le Corbeau, alichapisha kiraka, yaani programu ndogo ya kurekebisha gemu, kilichoifanya ikubali kompyuta mpya, na baadaye kiraka hicho kikaingizwa kwenye nakala zinazouzwa madukani. Tukiyasifu makampuni kwa kurudisha gemu hizi, na yanastahili sifa, tusiwasahau waliozishika mkono wakati hazikuwa na thamani sokoni.

Toleo la 2023 linaendeshwa kwa KEX, injini ya Nightdive, ambayo msimbo wake haujatolewa. Kilichotolewa ni sehemu ya kanuni za mchezo: silaha, maadui, namna vitu vinavyotenda. Ni hatua ya maana, na makampuni mengi hayafiki hata hapo. Lakini Windows ikibadilika tena, kama ilivyobadilika kwa SafeDisc na kwa programu za biti 16, sehemu hiyo haitatosha. Hatua mpya za MachineGames, maadui waliofunzwa upya, vyote vitamsubiri Stephen Kick mwingine.

Najua pingamizi lake. Kampuni inaishi kwa kuuza, na KEX ndiyo chombo chake cha kazi; kuitoa bure ni kuwapa washindani jembe. Tena misimbo mara nyingi ina sehemu za watu wengine. Msimbo wa Doom ulitoka bila sehemu yake ya sauti ya DOS, mfumo wa kompyuta za wakati huo, kwa sababu maktaba ya sauti iliyotumika ilikuwa mali ya mtu mwingine. Pingamizi hizi ni za haki, na sidai msimbo utolewe siku ya kwanza ya mauzo. Ninachodai ni ahadi iliyoandikwa kwamba utatolewa siku kampuni itakapoacha kulihudumia toleo hilo, ukiwa umepunguzwa kile kisichoruhusiwa. Hofu kwamba hilo linaua biashara haina ushahidi. Leseni ya msimbo haigusi michoro, sauti wala hatua. Hizo bado lazima uzinunue. Doom imekuwa na msimbo wazi tangu 1997, na bado kuna anayeona faida kuitoa upya 2024.

Tena Nightdive wenyewe wameshafanya hivyo. Mwaka 2018 waliutoa msimbo wa toleo la Macintosh la System Shock ya 1994. Watu wa kujitolea wakaujengea njia ya kuendeshwa kwenye mifumo ya leo, Nightdive wakaendelea kuiuza gemu hiyo, na Mei 2023 wakatoa System Shock iliyotengenezwa upya kabisa, ikauzwa sambamba na ile ya zamani.