Akii-Bua au Cheptegei? Mizani ndiyo inayotuchenga

Steji ya boda boda iliyo karibu na kambi ya polisi ninapokaa, hapa Kampala, ina ubishi mmoja usiozeeka. Huanza asubuhi muuza roleksi, ile chapati ya mayai, akiwa bado anakanda unga, na huahirishwa tu abiria anapotokea. Upande mmoja yuko sajini mstaafu, mzaliwa wa Lira, ambaye wote tunamwita Afande ingawa sare alishaivua. Upande wa pili ni kijana wa pikipiki kutoka Kapchorwa. Wa kwanza anasema Uganda haijazaa mwanamichezo wa kumfikia John Akii-Bua, mruka viunzi wa zamani. Wa pili anasema kesi ilikwisha siku Joshua Cheptegei, mkimbiaji wa mbio ndefu, alipovuka mstari kwenye Olimpiki ya Paris. Wanabishana kwa Kiswahili, kwa kuwa Kilango na Kisebei havielewani hata kidogo, na kwa kuwa kambini Kiswahili ndiyo lugha inayofaa kugombania.

"Afande, huyo wako ana dhahabu moja tu."

"Moja ya kwanza, mwanangu. Ulishaona wapi mdogo akamzaa kaka yake?"

Nimekaa pembeni nikisikiliza kwa miaka, nikacheka mara nyingi, na siku hizi najiona nimeelekea upande mmoja. Lakini nianze na upande wa Afande, maana ndio niliokulia. Baba alikuwa polisi, na Akii-Bua naye alikuwa polisi. Kwa watoto wa kambini huyo alikuwa wa nyumbani.

Tarehe 2 Septemba 1972, Munich, fainali ya mita 400 kuruka viunzi. Akii-Bua, umri miaka 22, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Mruka viunzi hapendi njia hiyo. Kona yake ni kali kuliko zote. Mwili unavutwa nje wakati mguu unatakiwa upite juu ya kiunzi cha sentimita 91.4, na viunzi viko 10. Ukikosea idadi ya hatua katikati ya kona, unalazimika kuruka kwa mguu usiouzoea. Akii-Bua alikuwa na dawa ya hilo, kwa sababu mguu wowote kwake ulikuwa sawa. Uwanjani alikuwemo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Mexico 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, pamoja na Mmarekani Ralph Mann. Akii-Bua aliwapita wote na saa ikasimama kwenye 47.82. Alikuwa binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. Hemery akaambulia shaba.

Hoja ya Afande ina uzito ambao vijana huupita haraka. Uganda haikuwa na desturi yoyote ya viunzi. Kulikuwa na kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, na askari aliyejifunga uzito mwilini wakati wa mazoezi. Hadi leo hakuna mwanamume mwingine wa Afrika aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo. Ni zaidi ya nusu karne. Mbio ndefu ni jambo jingine: ukanda wetu umejaa wanaume wa mita 10,000, ukivuka tu mpaka wa Suam unawakuta wengine wanapanda mlima huohuo kutoka upande wa Kenya. Cheptegei alizaliwa kwenye shamba lililokwisha kulimwa. Akii-Bua alifyeka msitu.

Halafu kuna miaka iliyochukuliwa. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwemo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kupinga ziara ya raga ya New Zealand kwa makaburu wa Afrika Kusini. Akii-Bua alikuwa na miaka 26. Kijana Mmarekani aitwaye Edwin Moses alishinda kwa 47.64 na kuichukua rekodi. Pambano lao halikufanyika. Mwaka 1979 Amin akiangushwa, Akii-Bua alikimbilia Kenya na kujikuta kambini na wakimbizi, bingwa wa Olimpiki akipanga foleni ya chakula, mpaka kampuni ya Puma ilipomsaidia kufika Ujerumani. Alikimbia Moscow 1980 na hakufika fainali. Alifariki mwaka 1997, miaka 47. Nakasero kuna barabara yenye jina lake, na nina hakika wengi wanaopita hapo kwa gari wanadhani ni jina la waziri fulani.

Hapo Afande hunyanyua kidole: mpe mtu wangu Montreal, ndipo tuhesabu.

Na hapo ndipo ninapoachana naye. Montreal hatuwezi kumpa. Medali ambayo haikukimbiliwa haina rangi. Tukianza kugawa dhahabu za "ingekuwa", itabidi tuwagawie na mabondia wetu ambao nao walikosa Montreal hiyohiyo, na kila mchezaji ambaye ujana wake uliangukia kwenye miaka ile mibaya. Ninachokubali ni kwamba huzuni ile inaelezea kwa nini orodha yake ni fupi. Haiirefushi.

Orodha ya Cheptegei ni ndefu kiasi kwamba kijana wa Kapchorwa akiisoma yote chai inapoa. Ubingwa wa dunia wa mita 10,000 mara tatu mfululizo: Doha 2019, Eugene 2022, Budapest 2023. Olimpiki ya Tokyo, fedha ya mita 10,000 na, siku chache baadaye, dhahabu ya mita 5,000. Paris 2024, dhahabu ya mita 10,000 kwa dakika 26:43.14, rekodi ya Olimpiki. Katikati yake, ndani ya mwaka mmoja wa korona, 2020, alivunja rekodi mbili za Kenenisa Bekele: mita 5,000 mjini Monaco kwa 12:35.36, na mita 10,000 mjini Valencia kwa 26:11.00. Rekodi hizo za Bekele zilikuwa zimekaa tangu 2004 na 2005. Ni Mganda wa kwanza kuwa na dhahabu mbili za Olimpiki.

Wapinzani wake wana jibu, na si la kijinga. Monaco na Valencia kulikuwa na taa pembeni ya uwanja zinazowaka kwa mwendo wa rekodi, hata mkimbiaji hana haja ya kupiga hesabu kichwani. Viatu vya siku hizi vina soli ya povu jepesi linalomrudishia mtu nguvu. Afande husema, kwa dharau ya kweli, kwamba huyo anakimbia akifuata taa kama gari kwenye makutano ya Jinja Road. Sawa. Ila Doha na Paris hakukuwa na taa ya kumwongoza mtu. Paris ndiyo inayonishawishi zaidi: Waethiopia walipokezana kuongoza wakiivuta mbio kwa makusudi ili kasi yake ya mwisho iishe, mwendo ukawa mkali hata wanaume 13 wakamaliza ndani ya rekodi ya zamani ya Olimpiki ya Bekele. Kwenye mzunguko wa mwisho Cheptegei akatoka mbele na hakuguswa tena. Berihu Aregawi wa pili alikuwa nyuma yake kwa sehemu tatu za kumi za sekunde. Tena tusisahau kuwa Munich nayo ilikuwa na njia za kukimbilia za sintetiki, ambazo baba zao Akii-Bua na Hemery hawakuwahi kuziona. Kila kizazi na kiatu chake.

Mpaka hapa ningesema ubishi ni wa wanaume wawili. Siku moja muuza roleksi, bila kugeuza uso kutoka kwenye kikaango, akauliza: "Na Peruth mnamweka wapi?"

Kijana akasema Peruth ni mzuri sana, lakini... Hakumaliza. Afande akaomba chumvi.

Swali lile liliniharibia mizani yangu yote. Peruth Chemutai alishinda mita 3,000 za kuruka viunzi na maji Tokyo, dakika 9:01.45, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali ya Olimpiki ya aina yoyote, na akaanza na dhahabu. Paris akaongeza fedha. Kwa hiyo kama kigezo ni hesabu, kama kijana anavyodai kila siku, basi Chemutai yuko juu ya Akii-Bua, tena ni dada wa kwao Sebei, mbona hamtaji? Na kama kigezo ni kufungua njia, kama Afande anavyodai, basi amheshimu Dorcus Inzikuru wa Arua, aliyeshinda Helsinki 2005 mbio hizohizo za viunzi na maji, mara ya kwanza kabisa wanawake kuzikimbia kwenye mashindano ya dunia. Yeye hakufungua mlango wa Uganda peke yake. Alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa mbio hizo, nukta.

Wote wawili walikwepa. Ndipo nikaelewa kwamba pale stejini mtu huchagua shujaa kwanza, mizani huitafuta baadaye. Anayempenda Akii-Bua hutafuta kipimo kinachompendeza Akii-Bua, akikuta kinampendeza na mtu mwingine hukikunja na kukiweka mfukoni. Sidhani kama wanaobishania Pelé, Muhammad Ali na Usain Bolt hufanya tofauti.

Chukua Stephen Kiprotich. Dhahabu ya marathoni London 2012, saa 2:08:01, akiwaacha Wakenya wawili waliotegemewa, Abel Kirui na Wilson Kipsang. Mwaka uliofuata dhahabu ya dunia Moscow. Ndiye aliyevunja ukame wa dhahabu wa miaka 40 tangu Munich. Katika vitabu, ana dhahabu ya Olimpiki na ya dunia, jambo ambalo Akii-Bua hakulipata. Lakini hakuna anayempigania. Afande akikumbushwa kwamba Kiprotich ni askari magereza, husema hao ni binamu tu.

Mabondia nao wana kesi nzuri kuliko tunavyowapa. Leo Rwabwogo alirudi na shaba kutoka Mexico 1968 na fedha kutoka Munich, Olimpiki ileile ya Akii-Bua. Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa 1974 na wa kulipwa 1979. John Mugabi, "The Beast", alisimama na Marvin Hagler mwaka 1986 hadi raundi ya 11. Ngumi zilikuwa mchezo wetu hasa kabla ya riadha. Kuhusu mpira sisemi mengi: fainali ya Afrika ya 1978 tulifungwa na Ghana 2-0, na kipa Denis Onyango alipotangazwa mchezaji bora wa Afrika anayecheza barani wa mwaka 2016, tulisherehekea ipasavyo. Katika mjadala huu hatoshi.

Basi mimi namchagua nani? Cheptegei, na sababu yangu haimo kwenye orodha ya medali.

Machi 2017 mbio za nyika za dunia zilikuja Kololo, hapa Kampala. Nilisimama kwenye mteremko, jua likiwaka, watu wamejaa hadi kwenye miti. Cheptegei, miaka 20, aliingia mzunguko wa mwisho akiongoza peke yake. Kelele zilikuwa za namna ambayo huwezi kumsikia mtu aliye begani kwako. Kisha miguu ikamkatalia. Alianza kuyumba kama mtu aliyeshushwa kwenye basi usiku, mabega yameanguka, na Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita kama anayempita mtu aliyesimama. Wakaja wengine, na wengine. Alimaliza wa 30, nyumbani, mbele yetu. Jirani yangu alisema kwa sauti ya chini, "Huyu amekwisha."

Miaka miwili baadaye, Aarhus, Denmark, kwenye njia iliyopanda hadi juu ya paa la nyasi la jumba la makumbusho, alishinda mbio zilezile za nyika. Dhahabu zake zote za uwanjani za dunia na za Olimpiki zilifuata baada ya hapo. Akii-Bua alikimbia mbio moja bora kuliko yoyote ya Mganda. Hilo sitalibishia, na nikiulizwa ni dakika gani moja ya michezo yetu ningependa kuwepo, nitajibu Munich kabla swali halijaisha. Lakini mkubwa wa wakati wote ninamtafuta kwa mtu aliyepigwa na kurudi, akapigwa na kurudi, mbele ya watu wanaojua atakavyokimbia na bado wakashindwa kumzuia. Akii-Bua hakupewa nafasi ya kutuonyesha kama alikuwa mtu huyo. Huenda alikuwa.

Nilipomwambia Afande hivyo, hakukasirika. Alimgeukia kijana, akamuuliza kwa upole marathoni ya kwanza ya Cheptegei, Valencia, Desemba 2023, ilikwendaje.

Alimaliza wa 37. Kijana anajua, sote tunajua. Alivaa kofia yake ya usalama, akawasha pikipiki, akasema kuna abiria anamwita ng'ambo ya barabara. Ng'ambo ya barabara hakukuwa na mtu.