Iyunga au Mwanjelwa: kijana wa TEHAMA aanzie wapi?

Kijana wa Mbeya anayependa kompyuta huoneshwa njia moja na wazazi wake: akasome MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) kule Iyunga, chuo kilichoanza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi. Njia ya pili ipo Mwanjelwa, kwenye vibanda vya mafundi simu na kompyuta, na huko mtu huanza kwa kufagia na kushikishwa bisibisi.

Kibanda kinadharauliwa bure. Mteja analeta kompyuta haiwaki, wala hasemi kwamba jana ilimwagikiwa chai. Fundi anajaribu chaja nyingine, anatoa betri, anachomoa RAM (kijibao cha kumbukumbu ya muda), anaisugua kwa ufutio na kuirudisha. Kimoja kimoja, mpaka mkosaji ajulikane. Hata seva ya benki ikigoma hutafutwa ubovu hivyohivyo. Nimewahi kukaa na mhitimu aliyetaja tabaka zote 7 za OSI, kielelezo cha jinsi kompyuta zinavyowasiliana mtandaoni, bila kukosea, lakini kuuvalisha waya wa mtandao kichwa kulimtoa jasho.

Hata hivyo kibanda hufundisha kile tu kinacholetwa na wateja. Unaweza kupiga Windows, yaani kuweka mfumo endeshi kwenye kompyuta za watu, miaka mitano (mara nyingi ya wizi, tusifichane) bila kugusa hifadhidata hata siku moja. Tena kuna mlango kisioufungua: tangazo la Serikali la Afisa TEHAMA Daraja la II hutaka shahada, na mfumo wa maombi ya ajira haukuulizi umefufua kompyuta ngapi.

Vyeti vya kimataifa? Mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, ni dola 300, na cheti hudumu miaka 3. Kwa asiyepata bado kazi ya mitandao, hilo ni jembe lililonunuliwa kabla ya shamba.

Mimi naegemea chuo, ila si chuo kitupu. Iyunga na Mwanjelwa ni jiji moja, na likizo za chuo ni ndefu. Aliyekosa nafasi ya chuo naye aanze kibandani, huku akiweka akiba ya ada ya stashahada. Wote wawili wawe na daftari: tatizo lililokuja, nilichojaribu, kilichokubali. Mbele ya mwajiri binafsi, iwe Iringa au Dar es Salaam, ningetanguliza daftari hilo, cheti kifuate.