Paul Bunyan ni tangazo la mbao, tusidanganyane

Kila picha ya lile sanamu la Bemidji, Minnesota, inapozunguka mtandaoni, maelezo ni yale yale: Paul Bunyan, jitu mkata miti la ngano za kale za Marekani. Za kale! Sanamu lenyewe ni la 1937, limejengwa kuvuta watalii. Na huyu Bunyan wa kwenye picha, yeye na maksai wake wa buluu, ameenezwa na vijitabu vya matangazo vya kampuni ya mbao ya Red River, cha kwanza kikitoka 1914. Kampuni ilikuwa imefungua kiwanda Westwood, California, ikataka wanunuzi waijue, ikampa kazi William Laughead aandike na kuchora.

Sawa, wakata miti wa Michigan, Wisconsin na Minnesota walikuwa na Paul wao kabla ya hapo. Gazeti lilishachapa kisa chake 1906. Na Laughead mwenyewe aliwahi kufanya kazi kambini, hilo nampa. Lakini Paul wa kambini alikuwa utani wa kumpima mgeni: unasimulia uso mkavu, halafu unatazama nani ameamini.

Kinachoudhi ni jitu kupewa sifa za kazi ya watu. Tazama kazi yenyewe ya enzi hizo. Shoka linachonga pengo upande mti utakaoangukia. Watu wawili wanaingia na msumeno upande wa pili, juu kidogo ya pengo, chupa ya mafuta ya taa karibu, maana utomvu wa msonobari ukishika meno, msumeno hauendi wala haurudi. Kabari inagongwa nyuma yake ili mti usiubane.

Hapo bado hujafika kwenye ufundi mkubwa, ambao ni barabara. Usiku wa baridi kali, farasi wanavuta sleji, gari la kuteleza lisilo na magurudumu, yenye tangi, maji yanamwagika kwenye mifereji miwili iliyochongwa kwa ajili ya miguu ya sleji. Kukicha ni barafu tupu, na farasi wawili wanavuta shehena ambayo kwenye udongo isingesogea hata hatua moja. Balaa ni mteremko. Shehena inawasukuma farasi kutoka nyuma, na wakishindwa kuikimbia inawaponda. Dawa ni kutandaza nyasi kavu au mchanga wa moto kwenye mifereji. Nyasi zikizidi, sleji inakwama katikati na zote za nyuma zinasimama, zikipungua, mmekwisha. Halafu kuna mavi ya farasi: meusi, yanavuta joto la jua, yanatoboa barafu. Kwa hiyo yupo kijana ambaye kazi yake kutwa nzima ni kuzoa mavi. Sanamu lake liko mji gani?

Jitu halihitaji barabara wala nyasi, ndiyo maana hadithi zake zinachosha upesi.

Mto, uliobeba magogo hadi kiwandani, nao una hesabu yake: msonobari mweupe unaelea, miti migumu mingi inazama, basi msonobari ukatangulia kumalizwa. Matawi yakaachwa chini, yakakauka, yakawa kuni. Moto wa Peshtigo, Wisconsin, tarehe 8 Oktoba 1871, uliua zaidi ya watu 1,000. Jitu lilikuwa wapi siku hiyo, na yule maksai wa kukausha mto kwa kiu moja?