Usimpe mgeni diski nzima

Siku hiyo nilikuwa nanakili picha kutoka diski ya nje kwenda kwenye kompyuta yangu ya Linux. Katikati ya kazi nikakumbuka kuna faili moja humo naihitaji kwenye Windows, ambayo huiendesha ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mmoja wa kompyuta ndani ya mwingine. Nikafungua menyu ya vifaa, upande wa USB, nikalitia tiki jina la diski. Windows ikaipokea. Huku nje kunakili kukakatika papo hapo. Picha ya mwisho ilifika nusu: juu anga, chini kijivu kitupu.

VirtualBox haikukosea, nilikosea mimi kwa kutoiondoa diski kwa utaratibu kwanza. Ukimkabidhi mgeni (mfumo wa ndani, kwangu Windows) kifaa cha USB, mwenyeji (mfumo wa nje, kwangu Linux) ananyang'anywa, hata kama alikuwa bado anakitumia. Na bora iwe hivyo. Mifumo miwili ikiandika kwenye diski moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na hesabu yake ya faili ipi imekaa wapi, utaokota vipande.

Tangu hapo, nikitaka faili tu, natumia folda ya pamoja. Diski inabaki kwa mwenyeji, mgeni anafunguliwa folda moja, basi. Kinachohitajika ni kusakinisha Guest Additions, programu saidizi za VirtualBox, ndani ya mashine pepe, yaani kwa huyo mgeni. Tena kuna faida ambayo wengi hawaioni: diski yangu nyingine ni ya ext4 (mpangilio wa faili wa Linux), ambayo Windows peke yake haiisomi. Kupitia folda ya pamoja inazipata faili zote, kwa sababu anayeisoma diski ni Linux.

Kuna kazi zinazodai diski yenyewe, sikatai: kuiformati, kuikarabati, au kutumia programu ya mtengenezaji inayotaka kuzungumza na kifaa moja kwa moja. Hapo kabidhi. Menyu ya USB ikiwa tupu na mwenyeji wako ni Linux, jiongeze kwenye kundi la vboxusers, la watumiaji wanaoruhusiwa kumkabidhi mgeni vifaa vya USB, kisha utoke kwenye akaunti na kuingia upya. Hiyo hatua ya kutoka na kuingia ndiyo inayosahaulika, mtu akashinda anabadilisha waya bure.

Angalia na kasi. Kidhibiti cha USB anachopewa mgeni kwenye mipangilio, kikiwa cha 1.1, kinaishia megabiti 12 kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 10 zitakula karibu saa mbili, hapo mambo yakienda vizuri kabisa. Chagua 3.0. Zamani hiyo ilidai kifurushi cha ziada, lakini tangu toleo la 7.0 la mwaka 2022 imo ndani ya programu yenyewe.

Na ukiweka kichujio (kanuni ya kuchagua kifaa cha USB) ili diski ijiunge yenyewe na mgeni, jaza namba ya mtengenezaji na ya bidhaa. Kichujio kitupu hukubali kila kifaa cha USB, na flashi utakayochomeka kesho kwa kazi nyingine kabisa itaishia kwa mgeni.