Bohari ya Mackinnon Road: hasara ya nani?

Anayetoka Mombasa kwenda Voi hupita Mackinnon Road, na wengi husimama kwenye msikiti wa Sayyid Baghali Shah, kando ya reli ya zamani. Hapo hapo, mwaka 1947, Waingereza walianza kujenga bohari kubwa ya jeshi lao.

Wanaoutetea uamuzi ule wana hoja. India ilijitawala Agosti mwaka huohuo, Palestina ilikuwa imewashinda, na Wamisri walitaka waondoke Suez. Vifaa vya jeshi vilihitaji pa kuwekwa. Kenya ilikuwa na bandari ya Kilindini, na reli ilipita mlangoni mwa bohari. Kwa aliyetazama ramani akiwa London, mahali palifaa kabisa.

Lakini pale ni nyika ya Taru, ambako misafara ya zamani iliogopa kiu kuliko simba. Na kutoka hapo hadi Suez ni mbali mno kwa jeshi linalotaka kuilinda Mashariki ya Kati. Baada ya miaka michache mradi ukatelekezwa. Wakosoaji wengi huishia hapo: fedha zimepotea.

Mimi naona hasara kubwa zaidi ilikuja baadaye, na hawakuibeba walipa kodi wa Uingereza. Aprili 1954, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau, Nairobi ilizingirwa, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa kwa maelfu bila kufikishwa mahakamani. Walipelekwa kwenye kambi za kizuizini za Langata, Manyani na Mackinnon Road. Sisemi bohari ndiyo iliyoleta kizuizi. Manyani haikuwa bohari, na bado ilijaa watu. Ila serikali inayotafuta pa kufungia maelfu kwa haraka haiachi eneo lililokwisha kujengwa, lililo mbali na miji, lenye reli.

Wanaosema kambi za Waingereza zilituachia urithi hutaja ile ya Kahawa, karibu na Nairobi. Ni kweli, nami nauthamini sana: Templer Barracks ilikabidhiwa kwa serikali ya Kenya mwaka 1965, ikawa Chuo cha Kenyatta, na mwaka 1985 chuo kikuu kamili. Tofauti ni nani aliyeamua. Kahawa iligeuzwa darasa na Wakenya wenyewe. Mackinnon Road iligeuzwa kizuizi miaka tisa kabla ya uhuru, na walioingizwa humo hawakuulizwa lolote.