Tunachoma Dizeli Kukimbilia Foleni

Kuna tangazo linazunguka kwenye simu za madereva, lenye muhuri wa ofisi moja ya usafirishaji ambayo sitaitaja. Linasema kuanzia mwezi ujao, dereva atakayezidisha mafuta ya safari atakatwa mshahara kwa kila lita iliyozidi. Halina sababu, halina swali, halina hata nafasi ya dereva kujieleza. Nililisoma nikitafuta mstari ambao ofisi inajitaja yenyewe kuwa nayo inatumia mafuta. Haupo, na hilo ndilo lililonipandisha hasira.

Kwa sababu ofisi inatumia mafuta. Inayatumia bila kugusa usukani, kwa kunyamaza tu.

Nimekaa kwenye meza ya kupanga magari, kwa hiyo nazungumza nikijua kinachotokea upande ule wa simu. Dereva mmoja tuliyefanya naye kazi alipakia vigae akaambiwa awe getini kwa mteja saa nne asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo foklifti ya mteja iliharibika. Karani wa ghala alijua. Akamwambia mtu wetu wa mauzo, mtu wa mauzo akaandika barua pepe, barua pepe ikaingia kwa ofisa aliyekuwa likizo. Dereva akaamka saa tisa usiku, akakanyaga njia nzima ili asikose zamu yake, akafika kabla ya muda, akaelekezwa asogee pembeni asubiri. Mzigo ulishushwa jioni. Mwisho wa mwezi ripoti ikatoka na gari lake limewekewa alama nyekundu: mwendo mkubwa, injini kuwaka muda mrefu gari limesimama, mafuta yamezidi. Alipoitwa kujieleza alisema, "Bosi, mngenipigia kabla sijaondoka, ningelala." Hakuna aliyemjibu. Akapewa barua ya onyo.

Tazama hasara ilivyopita kwenye safari ile. Haikuanzia getini, ilianza barabarani, pale mtu alipoendesha kwa haraka ambayo haikuwa na kazi yoyote.

Lori kubwa likiwa barabara kuu linasukuma hewa, na hewa hairudishi nyuma kwa kadiri ya mwendo. Inarudisha kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukaenda 90, mwendo umeongezeka kwa asilimia 12.5 lakini ukinzani wa hewa umeongezeka kwa karibu asilimia 27. Ukifika 100, ukinzani umezidi ule wa 80 kwa asilimia 56. Hiyo ni fizikia, haijali dereva ni hodari kiasi gani wala gari ni jipya kiasi gani. Sasa chukua safari ya kilomita 400. Kwa 80 ni saa 5. Kwa 90 ni saa 4 na dakika 27 hivi. Dereva amenunua dakika 33 kwa dizeli ya kampuni, amefika nazo getini, na pale getini hazina thamani kwa mtu yeyote kwa sababu hakuna wa kushusha.

Halafu anaanza kusubiri. Injini ya lori kubwa ikiunguruma mahali pamoja hula takriban lita 3 kwa saa. Wizara ya Nishati ya Marekani imekuwa ikitumia makadirio ya galoni 0.8 kwa saa, ambayo ni hizo hizo lita 3. Piga hesabu ya foleni inayochukua muda wa saa sita, kisha zidisha kwa idadi ya magari yaliyo kwenye foleni hiyo. Na moshi wenyewe watu wanauvuta: mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wapakiaji, mataniboi na makarani wa geti wanashinda humo.

Najua swali linalofuata, kwa sababu nimelisikia kwenye vikao vingi: kwa nini asizime injini? Wakati mwingine angeweza kuzima, na wapo wanaoiacha ikiwaka kwa mazoea ya zamani kwamba kuzima na kuwasha kunaua injini. Injini za siku hizi zinahitaji dakika chache za kupoza tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini, basi. Lakini mara nyingi dereva ana sababu, na sababu yenyewe ni taarifa ambayo hana. Hajui atasubiri dakika kumi au mpaka usiku. Foleni inasogea gari moja moja, na akichelewa kusogea anachomekewa. Breki zake ni za upepo, na kama mfumo una mvujo mdogo ambao aliuripoti ukapuuzwa, akizima injini mgandamizo unashuka, kisha atakapoitwa itabidi awashe na kungoja mitungi ijae huku mlinzi wa geti akimpigia kelele. Mwambie mtu huyo kwamba zamu yake ni saa nane mchana na hakuna gari litakalopita mbele yake, atazima mwenyewe na kwenda kutafuta kivuli.

Wenzetu wa meli wameliona jambo hili. Meli nazo zimekuwa zikikata bahari kwa kasi ili zifike bandarini mapema, kisha zinatia nanga nje zikingoja gati. Kwenye meli adhabu ni kali zaidi, kwa kuwa nguvu inayohitajika kutoka kwenye injini hupanda takriban kwa mchemraba wa mwendo. Mwaka 2020 ukatolewa mwongozo chini ya mradi wa Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, unaoeleza jinsi ya kufika kwa wakati unaohitajika: bandari inaitaarifu meli mapema lini gati litakuwa tayari, na nahodha anapunguza mwendo akiwa bado yuko mbali. Chombo ni kilekile, nahodha ni yuleyule, mafuta yanapungua kwa sababu mtu wa nchi kavu amesema ukweli mapema. Kama inawezekana kwa meli iliyo katikati ya bahari, itashindikanaje kwa lori lenye dereva mwenye simu mfukoni?

Wala tusisingizie teknolojia. Kampuni ya Qualcomm ilianza kuuza mfumo wa OmniTRACS, wa kutuma ujumbe kwa malori kupitia satelaiti, mwaka 1988. Leo karibu kila lori la kampuni kubwa lina kifaa kinachotuma mahali lilipo, mwendo wake, breki za ghafla, mpaka kiasi cha mafuta kwenye tangi. Taarifa zinapanda kutoka garini kwenda ofisini mchana na usiku. Niambieni ni ngapi zinashuka. Kifaa kinaripoti kwamba gari lilisimama kwa muda wa saa sita injini ikiwaka, hakiripoti kwamba foklifti iliharibika na kwamba watu watatu walijua kabla dereva hajavaa viatu. Meneja anayesoma ripoti hiyo bila kuuliza swali la pili atamwona mzembe, na atatoa tangazo kama lile. Tumenunua macho ya kumwangalia dereva, tukasahau kumpa masikio.

Ninachotaka hakihitaji kifaa kipya. Kila safari iwe na mtu mmoja ofisini ambaye ni yake, jina lake na namba yake dereva anazijua, na akitoka zamu anamkabidhi mwenzake kwa maandishi. Ghala likichelewa, karani ampigie huyo, asipitie kwa mauzo. Huyo naye amwambie dereva mambo machache yanayomhusu: saa mpya ya kufika, mlango gani, nani wa kupokea, na neno ambalo ofisi nyingi hazijawahi kulitamka, yaani punguza mwendo. Dereva akiambiwa na ofisi kwamba hana haraka, na akaamini kwamba hatahojiwa kwa kufika baadaye, atashuka mpaka 75 na atafika hajachoka. Lakini lazima aamini. Kampuni iliyomzoesha kwamba kuchelewa ni kosa na kukimbia ni kosa, yote mawili kwa siku moja, haiwezi kubadilisha hilo kwa ujumbe mmoja. Mara ya kwanza atapunguza mwendo kwa wasiwasi. Siku mtu atakapomfokea kwa kufika saa nane alizoambiwa afike, mmempoteza, na hatapunguza tena.

Na ujumbe uende wakati wake. Hapa nakubaliana na wanaoogopa simu barabarani. Utafiti wa taasisi ya usafirishaji ya Virginia Tech, uliotolewa mwaka 2009, ulikuta kwamba dereva wa gari kubwa anayeandika ujumbe akiendesha ana hatari ya ajali au kukoswakoswa mara 23 zaidi. Marekani ilipiga marufuku madereva wa malori kushika simu mkononi wakiendesha kuanzia Januari 2012. Kwa hiyo ofisa anayempigia dereva mfululizo akitaka "umefika wapi" ilhali ramani iko mbele yake anamhatarisha mtu kwa uvivu wake. Kubalianeni vituo ambavyo dereva atasimama, asome, ajibu. Ukijua atasimama saa mbili na saa tano, taarifa iwe imemfikia kabla ya saa mbili na kabla ya saa tano.

Halafu kuna yale yanayotoka kwa dereva kwenda juu, ambayo yanafia njiani kuliko yote. Dereva ndiye wa kwanza kuhisi gari linavuta upande, tairi la tela linalika ukingo mmoja, moshi umebadilika rangi, gari halipandi mlima kama wiki iliyopita. Kila moja ya dalili hizo ni dizeli inayopotea. Anaandika kwenye fomu, fomu inawekwa kwenye faili, gari linapakiwa tena. Baada ya kuripoti jambo lilelile mara kadhaa bila kuona fundi, mtu yeyote mwenye akili anaacha kuripoti. Ofisi nayo inauona ukimya huo na kudhani gari ni zima.

Mafuta ya safari nayo yanapangwaje? Sehemu nyingi ni umbali tu: kilomita kadhaa, lita kadhaa. Uzito wa mzigo haumo, milima haimo, kusubiri hakumo. Mbaya zaidi, dereva akibakiza lita safari hii, safari ijayo mgawo wake unapunguzwa kwa hoja kwamba ameonyesha inawezekana. Hapo mmemfundisha nini? Mmemfundisha asibakize, na kama amebakiza, asiseme. Kampuni inayofanya hivyo haitajua kamwe gari lake linakula kiasi gani, kwa sababu imeufanya ukweli uwe na adhabu.

Wezi wapo. Nakiri, na sikiri kwa furaha. Kuna madereva wanaonyonya mafuta usiku wakauza kwenye madumu, na kuna waliokamatwa kwa sababu ya vipimo vya tangi, na ni haki yao kukamatwa. Kuna pia wenye mguu mzito ambao hata uwaambie mapema kiasi gani watakanyaga. Wafundishwe, na wasiofundishika waondoke. Lakini mwizi unamkamata kwa ushahidi wake mwenyewe, humkati kila dereva mshahara ukitumaini mwizi yumo kati yao.

Upepo wa matairi upimwe kabla ya safari, hilo halihitaji mjadala. Magari yanayorudi tupu nayo yanauma: katika Umoja wa Ulaya, takwimu za Eurostat, ofisi ya takwimu ya umoja huo, zimekuwa zikionyesha kwamba takriban kilomita moja kati ya tano za malori hutembezwa bila mzigo, na huko wana masoko ya mizigo ya mtandaoni kila upande. Hata hilo ukilichimba unakuta mtu mmoja ana mzigo na mwingine ana gari, na hawajaambiana.

Linalobaki ni nani alipe saa za kusubiri. Leo analipa mwenye gari kwa dizeli na dereva kwa usingizi wake, na ghala lililochelewesha halilipi chochote, kwa hiyo halina sababu ya kunyanyua simu. Marekani wasafirishaji wengi huandika kwenye mkataba kwamba saa 2 za mwanzo ni za bure, baada ya hapo kila saa ina ada. Wateja wanalalamika, na mara nyingine ada inadaiwa mpaka watu wanachoka, lakini angalau kuchelewa kumepewa bei na kuna karatasi inayoonyesha nani alichelewesha nani. Kampuni zetu ziiandike kwenye kila mkataba mpya, saa ya kufika na saa ya kushushwa zisainiwe getini na pande zote mbili, na mafuta ya kila saa ya kusubiri iliyosainiwa yaondolewe kwenye hesabu anayohojiwa dereva. Na sehemu ya ada hiyo alipwe dereva, maana ndiye aliyekaa pale.